Kambi ya jeshi ikifungwa, mji haufi moja kwa moja

Wengi huamini kwamba bajeti ya jeshi ikikatwa na kambi kufungwa, mji jirani nao umekwisha. Hesabu hiyo inasahau kwamba askari wengi hulala kambini, hununua mahitaji kwenye duka la jeshi na hutibiwa hospitali ya jeshi. Wakihamishwa, huondoka na familia zao. Wanaoumia hasa ni raia walioajiriwa kambini, wenye nyumba za kupangisha, na shule zinazobaki na madarasa matupu.

Marekani ina mifano miwili. Kambi ya anga ya Pease, New Hampshire, ilifungwa 1991. Iko karibu na barabara kuu ya kwenda Boston, na leo eneo hilo lina ajira zaidi ya 10,000. Loring, Maine, ilifungwa 1994, mbali na soko lolote kubwa. Mji jirani wa Limestone ulishuka kutoka watu karibu 10,000 mwaka 1990 hadi chini ya 2,500 mwaka 2000.

Kinachokwamisha zaidi matumizi mapya ya kambi iliyofungwa ni ardhi yenye sumu. Hata Pease, kisima kimoja cha maji ya kunywa kilifungwa 2014 kwa kemikali za povu la kuzimia moto.