Kabla ya Kukodi Lobedi: Pima Mashine, Hesabu Ekseli

Mkandarasi wa Njiro anayehamishia kijiko chake cha kuchimbia Karatu, au mchimbaji anayepeleka buldoza Mirerani, kwa kawaida humuuliza mwenye lobedi, yaani tela la sakafu ya chini la kubebea mashine nzito, swali moja tu: linabeba tani ngapi? Swali hilo si baya, ila huulizwa mapema mno. Tela lililoandikwa tani 60 ubavuni linaweza kubeba mashine ya tani 22 bila kupinda hata kidogo na bado likazuiwa kwenye mizani ya Makuyuni, kwa kuwa chuma cha tela kina uwezo wake na barabara nayo ina uwezo wake, na kinachoangaliwa pale mizani ni huo wa pili.

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaangalia kila kundi la ekseli, yaani mihimili inayoshika magurudumu, pamoja na jumla ya gari zima. Ekseli ya usukani inaruhusiwa tani 8; ekseli mbili zinazofuatana zenye matairi manne kila moja, tani 18; na tatu za namna hiyo, tani 24. Kwa hiyo kichwa cha ekseli tatu kinachovuta lobedi ya ekseli tatu kina ukomo wa tani 50, na ndani ya tani hizo umo uzito wa kichwa chenyewe, tuseme tani 9, na wa lobedi tupu, tuseme tani 12. Zinazobaki kwa mashine ni tani 29. Kijiko cha ukubwa wa Cat 320, chenye takribani tani 22, kinaingia humo vizuri. Buldoza la D8, ambalo lina karibu tani 38, haliingii kwa hesabu yoyote ile. Hilo linahitaji tela lenye ekseli nyingi zaidi, na kwa kuwa jumla yake inapita tani 56 ambazo ndizo ukomo wa gari lisilo na kibali, linahitaji pia kibali maalumu kutoka Wakala wa Barabara, TANROADS, kabla halijatia mguu barabarani.

Mahali mashine inapokaa juu ya tela panabadilisha hesabu yote, na hapa ndipo ninapoona watu wakiadhibiwa kwa kosa ambalo wangelirekebisha kwa dakika tano. Chukua kijiko kile cha tani 22 kwenye lobedi ambayo toka pini ya kuunganishia hadi katikati ya ekseli za nyuma ni mita 9, na ambayo, ikiwa tupu, ekseli hizo hubeba tani 8. Mwendeshaji akikiegesha hivi kwamba kitovu cha uzito wake kiwe mita 7.5 kutoka kwenye pini, ekseli za nyuma zitasoma tani 26.3, juu ya ukomo wa 24. Akikisogeza mbele mita moja tu, zitasoma tani 23.9. Mashine ni ileile, tela ni lilelile, na jumla haijabadilika hata kilo moja. Kumbuka pia kwamba kitovu cha uzito wa kijiko hakiko katikati ya urefu wake unaouona kwa macho, kwa sababu mkono ni mrefu lakini uzito wa kusawazisha uko nyuma ya kabati la mwendeshaji.

Baada ya uzito ni kimo. Kijiko hicho kikikunjwa kwa safari hubaki na kimo cha mita 3 hivi. Ukikipandisha kwenye tela bapa la kawaida lenye sakafu ya mita 1.5, kitafika mita 4.5, juu ya lobedi yenye sakafu ya mita 0.9 hakifiki 4. Tofauti hiyo huioni barabara kuu, huiona ukishaacha lami na kuingia njia za vijijini ambako nyaya za umeme zimelegea. Hata hivyo, chini kabisa si bora siku zote. Lobedi ndefu yenye tumbo la chini hunasa kwenye matuta na kwenye makutano ya reli, na tangu treni za abiria ziliporejea Arusha mwaka 2020, tela lililonasa juu ya reli si suala la foleni tena. Kwa njia zetu ningechagua sakafu ya kimo cha wastani kuliko ile inayokaribia kugusa lami, isipokuwa mashine yenyewe ni ndefu kwenda juu.

Upana huamuliwa na mashine zaidi kuliko tela. Bamba la mbele la D8, la kusukumia udongo, lina upana wa karibu mita 4, na likifunguliwa na kusafirishwa peke yake, msafara unakuwa mwembamba na ekseli zinapumua.

Sakafu nayo itazamwe. Minyororo ya chuma ambayo mashine hutembelea, juu ya sakafu ya chuma, huteleza kama sabuni, hasa mashine ikitoka shambani Tengeru na udongo mwekundu umejaa kwenye roli zake. Mbao ngumu hushika vizuri zaidi, na udongo uoshwe kabla ya kupandisha, kwani nao una uzito wake. Milango ya kupandia iwe na mteremko wa taratibu, na kichwa kiwe kimeunganishwa wakati wote, maana tela lililosimama kwa miguu yake peke yake linaweza kupinduka mashine inapopita ukingo wa nyuma.

Mashine ifungwe kwa minyororo ya kufungia kwenye pembe zote nne, na mkono ulioshushwa ufungwe kivyake. Minyororo hulegea katika kilomita za mwanzo, mashine inapojikalia. Dereva anayetoka Arusha kwenda Moshi asimame Boma Ng'ombe, ashike kila mnyororo kwa mkono, akaze uliolegea na aguse ringi aone kama breki zimepata moto, kwa sababu mbele yake kuna mteremko wa Kikafu.