Kampeni ya afya imefanya kazi kweli? Tunavyopima huku chuoni

Watu wakisikia chuo kinafanya utafiti wa kuhamasisha afya wanadhani ni kuchapisha mabango na kwenda kuhutubia, hapana, kazi kubwa ni kujua kama hiyo hamasa inabadilisha chochote. Na mara nyingi haibadilishi, hili lazima tuliseme wazi.

Chukua jimbo la Washington kule Marekani. Kuanzia 1984 mpaka 1999 watafiti walichukua wilaya 40 za shule wakazigawa kwa kura, nusu wanafunzi wakafundishwa kukataa sigara toka darasa la tatu hadi wanamaliza sekondari, nusu wakaendelea kama kawaida. Walimu walipewa mafunzo, somo liliandaliwa vizuri sana, ila mwishoni wavutaji wakawa karibu sawa pande zote. Sasa lile kundi la kulinganisha lisingekuwepo, si wangeona tu vijana wengi hawavuti wakasema somo limefaulu?

Ndo maana kabla ya kutengeneza mpango tunakaa kwanza na walengwa wenyewe. Kwa nini mtu hanawi mikono akitoka chooni, hajui umuhimu wake, au anajua vizuri tu ila sabuni iko ndani na choo kiko uani? Huyu wa kwanza mpe elimu, wa pili msogezee maji na sabuni pale pale mlangoni, ukimhubiria unampotezea muda. Halafu linakuja jaribio dogo, kuona kama watu wanaupokea na wahudumu wanaumudu, ndipo lile kubwa la kugawa watu makundi mawili kwa kura, kama kule Washington.

Hata hapo bado. Mipango inayofanana ya maji, vyoo na kunawa mikono ilijaribiwa vijijini Kenya na Bangladesh, matokeo yakatoka 2018: Bangladesh kuhara kwa watoto kulipungua, Kenya hakukupungua. Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba Bangladesh wahamasishaji walikuwa wanapita majumbani mara nyingi zaidi. Kwa hiyo siku hizi tunaandika pia nani alitembelewa, mara ngapi, na alifundishwa nini, na hatumuulizi tu mtu kama ananawa maana atasema ndiyo ili akuridhishe, tunaangalia kama sabuni ipo na imelowa. Rekodi hizo tunazitoa pamoja na matokeo, hata yakiwa mabaya, ili mwenzetu asije akamwaga hela pale pale.