Nyuzi, radiani na gradi: jinsi ya kubadili vipimo vya pembe

Chukua kikokotoo cha shuleni, andika sin 30, kisha bonyeza alama ya sawasawa. Jibu likija 0.5 hushangai. Likija −0.988 utadhani kikokotoo kimeharibika, na likija 0.454 ndipo utachanganyikiwa kabisa. Majibu yote matatu ni sahihi. Mara ya kwanza kikokotoo kimeisoma 30 kama nyuzi, mara ya pili kama radiani, mara ya tatu kama gradi. Tazama juu ya kioo chake, utaona herufi ndogo D, R au G ikikueleza kiko katika hali gani. Nimeona wanafunzi wenye uwezo mkubwa wakipoteza alama za swali zima kwa sababu hawakuitazama herufi hiyo, na inauma, maana hesabu yenyewe walikuwa wameielewa.

Pembe ni kiasi cha kugeuka. Simama, geuka polepole mpaka uelekee tena kule ulikokuwa unatazama mwanzo: umemaliza mzunguko mmoja. Vipimo vya pembe vinatofautiana kwa namna vinavyougawa mzunguko huo tu. Nyuzi, ambazo wengine huziita digrii, ziko 360. Gradi ziko 400. Radiani ni 2π, yaani 6.283 hivi. Ukigawa kwa mbili unapata mlingano unaotosha kwa karibu kila kazi: nyuzi 180 = gradi 200 = radiani π.

Kwa hiyo kutoka nyuzi kwenda radiani, zidisha kwa π kisha gawanya kwa 180. Nyuzi 60 zinakuwa π/3, sawa na radiani 1.047. Kurudi, zidisha kwa 180 na ugawanye kwa π: radiani 2.5 ni nyuzi 143.24. Ukisahau kipi kinakaa juu na kipi chini, kumbuka kwamba radiani moja ni kubwa, inabeba nyuzi 57.3 hivi. Ukitoka nyuzi kwenda radiani namba lazima ipungue. Ikiongezeka, umepindua sehemu yako.

Namba 360 tumeirithi kutoka Babeli, ambako watu walihesabu kwa msingi wa 60, na faida yake ni kwamba inagawanyika kwa 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na 12 bila baki. Gradi ilitoka Ufaransa enzi za mapinduzi, walipotaka kila kipimo kiende kwa makumi. Pembe mraba ikapewa gradi 100. Wapima ardhi wa baadhi ya nchi za Ulaya bado wanaitumia.

Radiani ni ya aina nyingine kabisa, na ndiyo ninayoipenda. Hapa hakuna mtu aliyeketi akachagua namba. Chukua kamba yenye urefu sawa na nusu kipenyo cha duara, uilaze juu ya ukingo wa duara hilohilo. Pembe inayofunguka kutoka katikati mpaka ncha mbili za kamba ni radiani moja. Jaribu kwa rimu ya baiskeli, utaiona kwa macho. Ndiyo sababu ukijua pembe kwa radiani, urefu wa tao, yaani kipande cha ukingo wa duara, ni kuzidisha mara moja tu: nusu kipenyo mara pembe. Nusu kipenyo cha Dunia ni kilomita 6,371 hivi, na uzi mmoja wa pembe ni radiani 0.01745, zidisha, unapata kilomita 111. Huo ndio umbali wa latitudo moja hadi inayofuata. Jina lenyewe la radiani lilichapishwa mwaka 1873 katika mtihani uliotungwa na James Thomson huko Belfast. Leo lugha nyingi za programu za kompyuta hudhani kila pembe unayoziandikia ni radiani, hata kama hukusema.

Makosa ya gharama kubwa, hata hivyo, huwa katika dakika na sekunde. Uzi mmoja una dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60, kama saa. Dar es Salaam iko karibu na 6°48′ kusini na 39°17′ mashariki. Ramani ya simu inataka desimali, na mtu mwenye haraka anaandika 6.48 na 39.17. Amekosea. Dakika 48 ni 48/60 ya uzi, yaani 0.8, kwa hiyo latitudo ni 6.8, na dakika 17 ni 0.283, kwa hiyo longitudo ni 39.283. Ile 6.48 yake imemsogeza kaskazini zaidi ya kilomita 35, na alama kwenye ramani imetua baharini, kati ya bara na Unguja. Tena kwa kuwa ni kusini mwa ikweta, simu inataka alama ya kutoa: −6.8. Ukiisahau unavuka ikweta.

Zikiwapo sekunde, zigawanye kwa 3,600 na ujumlishe. Kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, kiko 3°04′33″ kusini: 3 + 4/60 + 33/3600 = 3.07583. Kurudi nyuma unakwenda kwa hatua. Longitudo yake ni 37.35333. Weka 37 kando, 0.35333 mara 60 ni 21.2, hivyo dakika ni 21, ile 0.2 iliyobaki mara 60 ni 12, hivyo sekunde ni 12. Jibu ni 37°21′12″. Vikokotoo vingi vina kitufe chenye alama ° ′ ″ kinachofanya kazi hii, lakini ifanye kwa mkono mara chache kwanza.

Mabaharia wana njia yao ya kuihisi dakika: dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, mita 1,852. Sekunde basi ni kama mita 31. Kwa desimali, namba ya tatu baada ya nukta inabeba mita 111, na ya tano ni mita moja na kidogo. Unapomtumia fundi mahali kilipo kiwanja chako, usikate namba hizo za mwisho.