Bunju, sindano ya ganzi na chandarua: mlango mmoja wa seli

Nasikia samaki aitwaye bunju akichemshwa sana sumu inatoka. Ni kweli?

Si kweli. Sumu yake, tetrodotoksini, haiogopi moto wa jikoni. Chemsha, kaanga, banika, anika juani: ipo palepale, hasa kwenye ini, mayai, utumbo na ngozi. Aliyemla huanza kuhisi midomo na ulimi vinakufa ganzi, mara nyingi kabla saa moja haijaisha. Kisha vidole, halafu miguu inakataa kumbeba. Kinachoua ni kifua: misuli ya kupumulia inalegea. Tena mgonjwa anaweza kulala kama maiti, hasemi wala hafumbui macho, kumbe anasikia kila neno mnalosema kando ya kitanda.

Sumu yenyewe inagusa nini mwilini?

Inagusa umeme wa neva. Kila seli imefunikwa na utando mwembamba wa mafuta. Nje ya utando sodiamu ni nyingi, ndani imejaa potasiamu, na tofauti hiyo huupa utando wa neva umeme wa karibu milivolti 70. Ni kidogo: betri ndogo ya redio inauzidi zaidi ya mara 20. Neva ikishtuliwa, vimilango vilivyo kwenye utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kasi, umeme wa pale hugeuka, na mgeuko huo huamsha vimilango vya jirani. Habari inasafiri hivyo kutoka kidole cha mguu hadi kwenye uti wa mgongo. Kila kituo hutumia kama sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha mlango unajifunga wenyewe. Waingereza Alan Hodgkin na Andrew Huxley walitoa hesabu za jambo hilo mwaka 1952 kwa kupima neva nene ya ngisi, na mwaka 1963 wakapata Tuzo ya Nobel.

Bunju aliingizwa kwenye hesabu hiyo na Toshio Narahashi, Mjapani aliyeanzia kwenye utafiti wa dawa za wadudu, akipima neva za mende. Mwaka 1964, akiwa Marekani na wenzake John Moore na William Scott, aliweka sumu kidogo kwenye neva ya kambakoche. Mkondo wa sodiamu ukakatika. Wa potasiamu ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwangu mimi hapo ndipo penye uzuri wote: sumu ya samaki ilionyesha kwamba sodiamu na potasiamu kila moja ina njia yake.

Basi sindano ya ganzi ya daktari wa meno nayo ni sumu ya namna hiyo?

Mlango ni huohuo, dawa ni nyingine. Sumu ya bunju huziba kwa nje, kama kizibo cha chupa. Lidokeini, dawa ya sindano ya ganzi, lazima kwanza ipenye utando, kisha iuzibe mlango kwa ndani. Narahashi na wenzake walilithibitisha hilo kwenye neva ya ngisi mwaka 1970. Ndiyo maana jino lenye usaha halishiki ganzi vizuri. Penye usaha pana asidi, na asidi huifanya dawa ishindwe kupenya. Daktari akikuambia tutoe usaha kwanza, usidhani anakuzungusha.

Dozi yake ni ndogo, inabaki karibu na pale ilipochomwa, na baada ya saa chache inaisha. Mtoto asipewe chakula kabla ganzi haijatoka, atajitafuna shavu bila kujua.

Chandarua kipya kinaniwasha uso. Kina madhara?

Dawa ya kwenye chandarua ni ya ukoo wa pareto, yale maua meupe ya nyanda za juu za Kenya na Tanzania, ila hii hutengenezwa kiwandani. Yenyewe hufanya kinyume cha bunju: inauzuia mlango wa sodiamu usijifunge. Neva ya mbu inapiga na kupiga bila kupumzika, mdudu anatetemeka na kuanguka. Mwasho wako ni hilohilo kwa kiwango kidogo, kwenye ncha za neva za ngozi, na hupita. Kianike kivulini siku nzima kabla ya kulalia.

Mbona sisi hatuanguki? Milango yetu haiisikii dawa hii kama ya mdudu inavyoisikia, ini letu huivunja haraka, na tena dawa hii hupungua nguvu kwenye mwili wenye joto. Paka hana bahati hiyo. Ini lake haliiwezi, kwa hiyo dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, ya ukoo huohuo, usimpake kamwe. Samaki ndio kabisa. Msifulie vyandarua mtoni.

Na mbu anayetua juu ya chandarua na kuruka zake?

Huyo kabadilisha mlango. Mabadiliko madogo tu katika protini yake yanatosha dawa isishike; aina moja ya mabadiliko hayo ilielezwa kwanza kwa mbu wa Kenya. Wengine huivunja dawa kwa vimeng'enya, ndiyo sababu vyandarua vipya vinachanganywa na dawa ya pili.

Mtu ameshakula bunju. Tufanyeje?

Hospitali, sasa hivi, hata kama ni midomo tu inayowasha. Dawa ya kuifuta sumu hii haipo. Kinachookoa ni kupumuliwa, kwa mashine au kwa mdomo njiani akiacha kupumua, mpaka sumu itoke kwa mkojo. Anayevuka saa 24 za kwanza kwa kawaida hupona. Maziwa na madafu acheni, koo likishalegea vitampalia. Aliyekula naye sahani moja aende pia, na mbebe kichwa au ngozi ya samaki iliyobaki, daktari aione.