Kumi na nne za Minnesota si kumi na nne za Lushoto

Desemba iliyopita nilikwenda Minneapolis kula Krismasi kwa dada yangu. Asubuhi ya kwanza nikachungulia simu yake mezani nione hali ya hewa: 14. Nikacheka moyoni. Kumi na nne si ndiyo Lushoto ya mwezi wa saba? Sweta moja, chai moja, maisha yanaendelea. Nikavaa taiti, fulana mbili za pamba na raba zangu za Dar, nikajizungushia kanga ya mama kuanzia shingoni mpaka puani, nikafungua mlango. Mama, ambaye yuko kule tangu Agosti, akapaza sauti kutoka jikoni: "Wewe mtoto, unakitafuta kichomi?"

Simu ya dada inasoma Farenihaiti. Kumi na nne zao ni nyuzi 10 chini ya sifuri kwa hesabu yetu.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na wagonjwa wangu wengi ni wakimbiaji. Nikiwa Dar kazi yangu ni kumfundisha mtu namna ya kuishi na joto: toka kabla jua halijapanda, kunywa maji, vaa kitambaa chepesi, ukihisi kizunguzungu kaa kivulini. Somo la baridi nilikuwa nalo la darasani tu. Wasomaji wangu kadhaa huniandikia kila mwisho wa mwaka wakienda kwa ndugu zao Toronto, Oslo au Columbus, na nikikumbuka nilivyokuwa nawajibu, naona aibu kidogo. Niliwaambia wavae nguo nyingi. Huo ndio ushauri mbaya kuliko yote.

Twende ziwani kwanza. Bde Maka Ska liko ndani ya jiji, na njia ya kulizunguka ina kilomita tano hivi. Nilianza upepo ukiwa mgongoni, na kusema kweli dakika kumi za kwanza zilikuwa tamu. Hewa kavu, mapigo ya moyo yako chini, mwendo ambao kwenye Daraja la Tanzanite ungenitoa roho, huku nauona wa kawaida. Hilo si jambo la kushangaza: marathoni nyingi za kasi hukimbiwa kwenye nyuzi 5 mpaka 10 hivi, kwa sababu mwili hauhangaiki kujipoza. Nikaongeza mwendo. Jasho likaanza kutiririka mgongoni kama niko Msasani. Nikafika upande wa pili wa ziwa, nikageuka, na upepo ukanipokea usoni.

Sijui nieleze vipi. Fulana iliyolowa iligeuka karatasi ya barafu kifuani. Nikatoa simu nimpigie dada. Ilikuwa na chaji asilimia 60 nilipotoka, ikazima mkononi mwangu. (Betri za simu hupoteza nguvu kwenye baridi. Ichomeke ndani, karibu na ngozi, si kwenye mfuko wa koti.) Na ile kanga, pale iliponiziba mdomo, pumzi zangu zilikuwa zimeilowesha na kuigandisha. Nilipofika nyumbani niliivua ikabaki na umbo la kidevu changu. Mama akaigonga kwa kidole, ikalia ko-ko, akaniangalia bila kusema neno.

Sasa tuzungumze kitaalamu. Mtu aliyekaa kwenye kochi hutoa joto la wati 80 hivi. Akikimbia kwa mwendo wa kawaida, sehemu kubwa ya nishati anayochoma, kama robo tatu, haiendi kwenye kumsogeza bali hugeuka joto. Mtu wa kilo 60 anafika wati 500 kwa urahisi: nusu ya pasi ya umeme, inatembea barabarani. Kwa hiyo anayekimbia hana upungufu wa joto. Shida yake ni kwamba akivaa kama anayesubiri basi, lile joto halina pa kutokea, mwili unatoa jasho, na maji huupora mwili joto mara nyingi zaidi kuliko hewa kavu. Pamba inayanywa hayo maji na kuyashikilia. Ndiyo maana wenyeji wa kule hukwambia uvae kana kwamba kuna joto nyuzi 10 zaidi ya zilizopo, na ukitoka mlangoni usikie baridi kidogo. Ukitoka ukiwa umestarehe, basi umeshavaa kupita kiasi.

Tabaka la ndani liwe la sufu nyembamba au kitambaa cha michezo kinachopitisha jasho. Juu yake, koti jepesi la kuzuia upepo, lenye zipu unayoweza kuifungua ukianza kuchemka. Kwenye baridi kali sana unaongeza tabaka moja katikati. Mikononi, zile glavu ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na gumba peke yake ni bora kuliko za vidole vitano, maana vidole vinapashana moto. Soksi za sufu, lakini raba isibane. Kiatu kinachobana kinazuia damu, na damu ndiyo inayobeba joto. Hereni za chuma ziache nyumbani. Hilo nililijua kwa sikio langu la kushoto.

Upepo ndio jambo ambalo sisi wa pwani hatulielewi, kwa sababu kwetu upepo ni rafiki. Ngozi hujitengenezea blanketi jembamba la hewa yenye joto, na upepo hulivua hilo blanketi kila sekunde. Kule watabiri hutoa namba mbili, ya joto la hewa na ya jinsi ngozi inavyolihisi. Kukiwa na nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama iko kwenye 28 chini ya sifuri, na inaweza kuganda ndani ya dakika 30 hivi. Mwendo wako mwenyewe nao ni upepo: unapokimbia kuelekea upepo unakotoka, unajiongezea kilomita 10 kwa saa. Kwa hiyo anza kwa kuukabili upepo ukiwa bado mkavu, ili ukirudi umelowa jasho uwe mgongoni. Mimi nilifanya kinyume.

Nina mfano wa kuonyesha kwamba namba ya baridi peke yake haitoshi. Januari 1, 2018, Yuki Kawauchi wa Japani alikimbia marathoni Marshfield, Massachusetts, kwenye nyuzi 17 hivi chini ya sifuri. Alitumia saa 2:18:59 na ndiye peke yake aliyemaliza. Aprili ya mwaka huohuo akaingia Boston. Siku hiyo kulikuwa na nyuzi 5 hivi juu ya sifuri, lakini mvua ilinyesha mfululizo na upepo ulikuwa wa usoni. Wakimbiaji wakubwa waliacha mmoja baada ya mwingine. Geoffrey Kirui wa Kenya, bingwa mtetezi, aliongoza mpaka kilomita za mwisho, halafu miguu ikagoma. Kawauchi akampita na kushinda kwa 2:15:58. Kwa hiyo ndugu yako wa London akikwambia kwao "hakuna baridi, ni mvua tu", hiyo mvua ndiyo ya kuiogopa.

Turudi kwenye kichomi cha mama, kwa sababu swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi: je, mapafu yanaganda? Hayagandi. Hewa ya nje hupitia puani, kooni na kwenye koo la pumzi, na kote huko inapashwa moto, hata inapofika ndani kabisa imekaribia joto la mwili. Nimonia huletwa na vijidudu, baridi haikuletei. Lakini mama hakukosea kabisa, maana kifua kweli kinauma. Kinachouma ni ukavu. Hewa ya nyuzi 20 chini ya sifuri hubeba mvuke kama gramu moja kwa mita moja ya ujazo, na ikifika ndani lazima ibebe gramu 44. Maji hayo yanatoka kwenye utando wa njia zako za hewa. Zikikauka, hujikunja, ukaanza kukohoa na kupumua kwa mluzi. Wanamichezo wa kuteleza kwenye theluji kule Skandinavia wana pumu kwa wingi kuliko watu wengine, na hewa hiyo inahusika. Dawa yake ni rahisi: kitambaa cha sufu au cha michezo mdomoni, kinachorudisha sehemu ya unyevu wa pumzi. Kisiwe cha pamba, tafadhali! Mwenye pumu aongee na daktari wake kabla ya safari kuhusu kuvuta dawa kabla ya kukimbia, na siku za baridi kali asione haya kukimbia ndani.

Na maji unywe, japo kiu haipo. Baridi hubana mishipa ya damu ya ngozini, damu inajaa katikati ya mwili, figo zinadhani maji yamezidi, unakwenda haja ndogo kila saa.

Kuna jambo la ngozi yetu ambalo makala nyingi za kukimbia kwenye baridi hazilisemi, kwa sababu waandishi wake hawatufikirii. Tafiti za wanajeshi wa Marekani na wa Uingereza zimeonyesha kwamba askari wenye asili ya Afrika wanaumizwa na baridi kwenye vidole na miguu zaidi kuliko wenzao wazungu. Jambo la pili ni kwamba vitabu vinasema utazame ngozi inapokuwa nyeupe au nyekundu, na kwenye ngozi nyeusi hilo linaweza kukupita. Tazama mahali panapopauka kama majivu, gusa kama pamekuwa pagumu kama nta, na zaidi ya yote angalia ganzi. Kidole kinachouma kiko hai. Kidole kilichoacha kuuma wakati bado uko nje, hicho ndicho cha kukurudisha nyumbani. Usikisugue, na usikiweke kwenye jiko wala kwenye maji ya moto. Ganzi haitakwambia kwamba unaungua. Maji ya uvuguvugu wa nyuzi 37 mpaka 39, kisha hospitali kama ngozi imebaki ngumu au imetoa malengelenge.

Dada, kama wengi kule, alitaka kunipaka mafuta mazito usoni kabla sijatoka. Nilikataa, tukabishana. Mafuta yanazuia ngozi kukauka, hilo ni kweli, lakini hayazuii kuganda. Uchunguzi uliofanywa Finland ulionyesha kwamba yanampa mtu hisia ya uongo ya joto, na waliopaka hawakuwa salama zaidi. Paka baada ya kurudi.

Theluji mpya, iliyoanguka usiku, inakamata mguu vizuri na ni raha kuikanyaga, inalia kama unatafuna karanga. Mbaya ni ile iliyoshindiliwa na magari, na mbaya zaidi ni barafu nyembamba isiyoonekana juu ya lami. Fupisha hatua, mguu utue chini ya nyonga na si mbele, sahau saa ya mwendo. Wanauza vyuma vya kuvalisha juu ya raba, nunua. Siku ya tatu nilikuwa na maumivu ya mapaja kwa ndani ambayo sikuwahi kuyapata tangu nianze kukimbia, kwa sababu misuli ile ilikuwa inafanya kazi ya kuzuia miguu isiachane. Kupasha mwili moto nilikuwa nafanyia kwenye ngazi za chumba cha chini, dakika kumi, huku watoto wa dada wananihesabia: "Mama mdogo, bado ishirini!"

Shemeji ana presha na ana miaka hamsini na ushee. Alitaka kutoka nami siku moja kwa ushabiki tu. Nikamwambia tuanze kwa kutembea, maana ile mishipa inayobanwa na baridi humpandisha mtu presha kabla hata hajapiga hatua. Tena nilimkataza kukoleza mwendo kwenye ile kazi yao ya kuchota theluji kwa sepetu mlangoni. Mikono inakaza, pumzi inazuiwa, baridi inabana: kila majira ya baridi kule watu hupatwa na mshtuko wa moyo wakiwa na sepetu mkononi. Alinisikiliza kwa upole. Kesho yake nikamwona dirishani anachota kwa kasi ileile.

Jua la mwisho wa Desemba huchomoza huko karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni, kwa hiyo nilizoea kutoka saa nne, nikiwa na kitambaa cha kung'aa mkononi na funguo. Dakika 35 zilinitosha. Nikirudi sikai na kusimulia. Nguo zote chini ndani ya dakika tano, kwa sababu ile pasi ya umeme imezimwa lakini jasho bado lipo. Mama alikuwa ananisubiri na chai ya tangawizi na blanketi, na kila siku aliuliza swali lilelile la kichomi.

Nilikaa wiki tatu. Ambalo sikulitegemea ni Dar. Mazoea ya joto huisha haraka usipoyatumia. Wiki tatu zinatosha kuyapoteza kwa sehemu kubwa, na kuyarudisha kunataka siku kumi hadi kumi na nne za kukimbia polepole. Mimi, mtaalamu, nilishuka kwenye ndege Jumamosi, na Jumapili alfajiri nikaenda Daraja la Tanzanite na mwendo wangu wa Minnesota. Kilomita ya tatu nilikuwa nimeshika ukingo wa daraja kwa mikono miwili, na kijana muuza maji akaniuliza, "Mama, ndiyo umeanza mazoezi leo?"