Mpango kabambe wa bustani za mji ni nini hasa? (na kwanini usianze na michoro)

Watu wengi wakisikia mji wao unaandaa mpango kabambe wa bustani na viwanja vya michezo, au masta plani kama tulivyozoea kuita, akili inaenda moja kwa moja kwenye ile michoro ya kompyuta, nyasi za kijani zimenyooka, mtoto ameshika puto, wazee wawili kwenye benchi wanacheka na hakuna hata karatasi moja imeanguka chini. Michoro hiyo ipo, sawa, ila sio mpango. Mpango wenyewe ni waraka wa halmashauri, mara nyingi wa miaka kumi hivi, unaosema mji una maeneo gani ya wazi, yana hali gani, nani anayafikia na nani hayafikii, kipi kinatengenezwa kwanza na kipi kinasubiri, hela inatoka wapi, na hapa ndo wengi wanaruka, nani atakata nyasi na kuziba bomba linalovuja mwaka wa saba wakati hata waliokata utepe wameshasahau.

Kwa kifupi kabisa ni foleni iliyoandikwa. Mji mdogo hauna hela ya kufanya kila kitu kwa mpigo, kwahiyo lazima kuna mtaa unaanza na mtaa unasubiri, na kama hakuna foleni iliyoandikwa basi anayeanza ni yule mwenye kelele zaidi au anayekaa jirani na mkubwa. Mengine yote kwenye waraka, ramani, madodoso, alama, ni namna ya kupanga hiyo foleni ili ukiulizwa kwanini hawa wametangulia uwe na jibu la kueleweka.

Kazi inaanza kwa kuhesabu mlichonacho. Inaonekana rahisi mpaka uifanye. Tuseme mji una watu 60,000 na kwenye makaratasi una bustani na viwanja 14. Watu wa mipango miji wakizunguka eneo kwa eneo wanakuta viwili vimegeuka sehemu ya kupaki magari, kimoja kina nyumba tayari, na kingine wananchi wanakitumia kila siku kucheza mpira lakini kisheria ni kiwanja cha mtu au cha taasisi fulani ambayo siku yoyote inaweza kuamua kujenga. Ndo maana mpango mzuri unakuwa na safu ya umiliki kwenye jedwali la kwanza kabisa, kabla ya kuongelea bembea na benchi. Mi naamini hiyo ndo sehemu yenye faida kuliko zote kwa mji unaokua haraka, maana benchi utanunua mwaka wowote lakini eneo la wazi likishajengwa halirudi, au linarudi kwa kulipa fidia ambayo mji mdogo hauiwezi.

Baada ya umiliki inakuja hali halisi ya vitu vilivyopo. Kila kitu kinapewa alama, labda moja hadi tano, na tofauti ya mpango wa kweli na wa kubandikabandika unaiona hapa. Chukua bembea moja tu. Mkaguzi anayejua kazi yake hababaiki na rangi, anapanda kuangalia kule juu mnyororo unaposhikana na bomba, pale kuna pete inayolika taratibu kwa msuguano mpaka inabaki nyembamba na ukisimama chini huwezi kuiona. Alafu anaangalia ardhi, miguu ya watoto imechimba shimo, mvua ikinyesha linajaa maji, maana yake mchanga uliowekwa ili mtoto akianguka asiumie umeshasambaa pembeni na sasa anaangukia udongo mgumu. Kwenye ngazi na vizuizi vya pembeni anapima nafasi, kwa sababu uwazi ulio kati ya milimita 89 na 230 hivi ni hatari kwa mtoto mdogo, mwili unapita lakini kichwa kinakwama. Bembea yenye matatizo hayo inaweza kuwa imepakwa rangi mpya mwezi uliopita na kwenye picha ikapendeza sana tu.

Sasa tuje kwenye nani anafikia nini. Zamani kipimo kilichopendwa, hasa Marekani, kilikuwa ekari 10 za bustani kwa kila watu 1,000. Kipimo kizuri kwa hotuba, hesabu nyepesi, unagawanya tu. Shida yake unaweza kuwa na msitu mmoja mkubwa nje ya mji unaobeba ekari zote hizo, kwenye ripoti mmefaulu kwa kishindo, huku katikati ya mji watoto wanacheza mpira barabarani wakikimbia magari. Ndo maana siku hizi wengi wanapima umbali. Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya linashauri mtu awe na eneo la kijani la angalau nusu hekta hadi hekta moja ndani ya mita 300 hivi kutoka anapoishi. Kuna pia kanuni ya 3-30-300 iliyotolewa mwaka 2021 na Cecil Konijnendijk, mtaalamu wa misitu ya mijini: kila mtu akiwa nyumbani kwake aone miti isiyopungua mitatu, kila mtaa uwe na kivuli cha miti asilimia 30, na bustani isiwe mbali zaidi ya mita 300. Miji kadhaa imeipenda kwa sababu hata diwani asiyejua lolote kuhusu miti anaielewa kwa dakika moja.

Ila mita 300 za wapi? Ukichukua ramani ukachora duara kuzunguka bustani, kila nyumba iliyo ndani ya duara inahesabika imefikiwa, kumbe katikati kuna barabara ya njia nne haina kivuko, au reli, au mto ambao daraja lake liko kilomita nzima huko. Mama mwenye mtoto mgongoni hapai angani. Kwahiyo mpango makini unapima kwa njia ambayo mtu anatembea kweli, mpaka kwenye geti, sio mpaka kwenye ukuta wa bustani. Na hapo mara nyingi mnagundua kwamba hamhitaji bustani mpya, mnahitaji geti la pili upande wa nyuma na kivuko cha waenda kwa miguu, gharama ambayo haifiki hata robo ya ile ya bustani mpya, lakini kwa kuwa geti halina uzinduzi wa maana huwa halipati mtu wa kulipigania.

Na kama ardhi hamna kabisa? Amsterdam baada ya vita vya pili vya dunia walikuwa na shida hiyohiyo, watoto wengi, mji umebanana. Mwaka 1947 mbunifu majengo kijana, Aldo van Eyck, akiwa kazini kwenye halmashauri ya jiji, akaanza na kiwanja kimoja kidogo cha watoto, shimo la mchanga, vyuma vya kubembea na kupindukia, mawe ya kurukia, benchi, basi. Wakaendelea kutumia vipande vilivyobaki kati ya nyumba, kona za barabara, sehemu zilizobomolewa, mara nyingi baada ya wakazi wenyewe kuandika barua kuomba, na mpaka miaka ya 70 vilikuwa vimefika zaidi ya 700. Hakuna hata kimoja ambacho ungekiita bustani kubwa. Ukivipanga kwenye ramani lakini, karibu kila mtaa ulikuwa na chake.

Umbali hautoshi pia, na hili ndo linanifurahisha zaidi kwenye mada hii. Vienna, mji mkuu wa Austria, miaka ya 1990 waliangalia nani hasa yuko kwenye bustani zao wakaona wasichana wakishapita umri wa miaka tisa hivi wanapotea, wavulana wanabaki. Hakuna aliyewakataza. Viwanja vilikuwa vimezungushiwa nyavu, uwanja mmoja mkubwa, mlango mmoja, na wavulana wakubwa wakishaingia na mpira hakuna msichana anayetaka kupita pale mlangoni kwenda kuomba nafasi. Mwaka 1999 wakaanza kubadilisha bustani mbili kwenye wilaya ya Margareten, wakagawa eneo lile kubwa kuwa madogomadogo, wakaweka michezo mingine kama voliboli na badminton, wakatanua viingilio na kuboresha njia na taa, na wasichana wakarudi. Geti lilikuwepo siku zote, umbali ulikuwa uleule. Sasa fikiria mpango ambao ungeishia kwenye ramani ya mita 300, ungewaambia hapa hamna tatizo.

Kwahiyo lazima watu wahesabiwe, na ifanyike uwanjani. Njia ya kawaida ni kugawa bustani vipande, mtu anasimama anapitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia, anaandika wangapi, wa kike wangapi, wazee, watoto, wanafanya nini, wamekaa, wanatembea, wanacheza, na anarudia asubuhi, mchana, jioni, siku za kazi na wikiendi. Kazi ya kuchosha kweli lakini wanafunzi wa chuo wanaweza kuifanya na majibu yake hayana ubishi. Mkutano wa hadhara nao uwepo ndio, sheria za sehemu nyingi zinautaka, ila tujuane, wanaokuja mkutanoni jumatano saa nane mchana ni wale wenye muda na wenye malalamiko. Kijana wa miaka 15 haji. Anayeuza bidhaa zake pembeni ya bustani haji, na yeye ndo anajua kila kinachotokea pale kuliko mtu yeyote. Anayetumia kiti cha magurudumu labda alishindwa kuingia kwenye huo ukumbi wenyewe wa mkutano. Hao unawafuata walipo, na wale wasiokuja bustanini kabisa unawauliza kwanini hawaji, ambapo jibu mara nyingi ni choo, taa au kivuli, wala sio michezo mipya.

Maboresho yenyewe sitayasema sana maana kila mji na yake, ila usidhani lazima yawe makubwa. Bryant Park ya New York ilikuwa na sifa mbaya miaka ya 70, biashara ya dawa za kulevya waziwazi. William H. Whyte, ambaye alitumia miaka akipiga filamu namna watu wanavyotumia maeneo ya wazi ya mji ule, alishauri ifunguliwe ionekane kutoka barabarani, kwa sababu ilikuwa imejificha nyuma ya ua wa mimea na uzio. Ilipofunguliwa tena mwaka 1992 kulikuwa na viingilio zaidi na viti vyepesi ambavyo mtu anabeba anasogeza anapotaka, kivulini, juani, karibu na rafiki, mbali na asiyempenda. Viti tu! Watu wakakaa, na penye watu wengi waliokaa yule muuza dawa hana raha.

Tukirudi kwenye hela, bajeti ya bustani ina pande mbili na kuzichanganya ndo chanzo cha bustani nyingi zilizokufa. Kuna hela ya kujenga, inakuja mara moja, inaweza kuwa ruzuku, mkopo au mfadhili, na ina picha za magazetini. Alafu kuna hela ya matunzo inayotakiwa kila mwaka bila kukosa, mlinzi, maji, takataka, nyasi, balbu, na hii haina mfadhili. Mti mpya unahitaji kumwagiliwa miaka miwili mitatu ya mwanzo, kwahiyo ukipanda miti 500 bila kusema maji yatatoka wapi na nani atashika mpira wa maji, umepanda vijiti. Chemchemi ya kurusha maji inahitaji pampu, umeme na fundi, ikiharibika inakuwa beseni la mbu. Mpango wa maana unaweka gharama ya matunzo pembeni ya kila pendekezo, na kama halmashauri haiwezi kuibeba pendekezo linapunguzwa au linatoka, hata kama hela ya kujenga ina mfadhili anasubiri mlangoni. Najua inauma kukataa hela.

Mwisho vyote hivyo vinageuzwa alama, hali mbaya kiasi gani, watu wangapi wanakosa, kuna hatari ya kuumia au hapana, matunzo yanawezekana, na foleni inajipanga: hatari zinaondolewa mwaka wa kwanza hata kabla ya ujenzi wowote, mitaa isiyo na kitu inafuata, urembo unakaa nyuma. Uzito wa alama ni uamuzi wa kisiasa, tusidanganyane kwamba ni sayansi tupu, ila angalau umeandikwa na mtu anaweza kuubishia.

Kwahiyo siku rasimu ya mpango wa mji wenu ikitoka, ruka michoro uende nyuma kwenye majedwali, tafuta mtaa wako uko mwaka wa ngapi na kwa sababu gani, alafu angalia safu ya matunzo. Ikiwa tupu, au imeandikwa "wadau" bila kutaja idara wala kiasi, uliza kabla baraza halijapitisha, maana ikishapita itakaa hivyohivyo mpaka mapitio, na hayo kwa kawaida ni miaka mitano mbele.