Nairobi haikuwa patupu

Jana mwanafunzi amenisomea tena kutoka daftarini: kabla ya 1899 Nairobi ilikuwa kinamasi kitupu, hakuna mtu. Nafundisha historia ya miji, na sentensi hiyo imenichosha.

Kinamasi, sawa. Reli ilipofika tarehe 30 Mei 1899 ilikuta tambarare yenye maji, mahali pazuri pa karakana na pa kupanga mabehewa kabla ya kuupanda Ukikuyu na kuteremka Bonde la Ufa. Wahandisi walikuwa wakitafuta yadi. Mji hawakuwa nao akilini.

Lakini kitupu? Jina lenyewe ni la Kimaasai, Enkare Nairobi, maji baridi. Nani aliyaonja akajua ni baridi? Wamaasai walinywesha ng'ombe hapo, Wakikuyu walilima upande wa kaskazini, na misafara ya pwani ilinunua chakula Ngong na Dagoretti kabla hata reli haijaondoka Mombasa. Kisha ikaja miaka ya 1890, ambayo vitabu vya shule huiruka. Sotoka ikamaliza ng'ombe. Ndui ikaua watu. Ukafuata ukame, na njaa ya 1898 na 1899. Aliyeshuka garimoshi akaona nyasi tu alikuwa akitazama nchi iliyo matangani.

Nalishikilia neno hilo "tupu" kwa sababu lilifanya kazi. Sheria ya ardhi ya 1902 ilimpa Kamishna, mkuu wa serikali ya Waingereza hapa, uwezo wa kuuza na kukodisha ardhi iliyohesabiwa kuwa haikaliwi. Waliokimbia njaa walirudi wakakuta mashamba yana wenyewe.

Mengine mnayajua: tauni ya 1902 na bazaa ya Wahindi kuchomwa moto, makao ya serikali kuhama kutoka Mombasa, ambako vitabu hugombana kati ya 1905 na 1907, nami hufundisha 1905 bila kuweza kuapa, maana ofisi hazihami kwa siku moja. Machi 1922 umati ulidai Harry Thuku, mpinzani wa serikali ya kikoloni aliyekuwa amekamatwa, aachiliwe, mwanamke Muthoni Nyanjiru akiwa mbele, polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ya waliokufa na hesabu ya watu wenyewe ziko mbalimbali sana. Darasani hutaja zote mbili.

Bado naambiwa Waafrika walikuja Nairobi baadaye, kutafuta vibarua. Basi Pangani, kijiji cha Waafrika humu humu Nairobi, kilikuwa cha nani? Jina limetoka pwani pamoja na wapagazi na Waswahili waliojenga hapo mji ukiwa bado mchanga. Wanawake walijenga nyumba zao wenyewe, wakapangisha vyumba, wakaishi kwa kodi. Mwishoni mwa miaka ya 1930 kijiji kilibomolewa, na wenye nyumba wakajengewa mtaa wa Shauri Moyo.

Jumamosi nitampeleka mwanafunzi wangu Pangani. Tutaanzia hapo, kisha tushuke kwa miguu hadi Shauri Moyo, na daftari lake alibebe.